Nimeandika, mbona nalia?

SWALI: Shangazi, ada ya mdogo wangu niliila mimi, nyumbani nikasema nimeibiwa kwenye daladala. Mwaka wa sita huu. Juzi nikaandika yote bila jina, nikalia mpaka kanga ikalowa, kisha nikalala fofofo. Ni kawaida? – Msiri, Tanga

JIBU: Mwanangu, karatasi yako imefika, na doa lake la mafuta ya maandazi. Ni kawaida. Mwaka 1986, mwanasaikolojia James Pennebaker wa Marekani alieleza jinsi wanafunzi walivyoandika machungu yao dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Walioandika tukio pamoja na hisia zao waliinuka na huzuni, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache zaidi. Jina sikuulizi. Ila mdogo wako, alirudi shule?