Kuba au matao? Usharika au parokia?

SWALI: Natafsiri maelezo ya Kanisa la Mtakatifu Maria la Lübeck, Ujerumani. Nimeandika: "Kanisa hili la usharika, lililojengwa karne ya 13 na 14, lina kuba la tofali lililo juu kuliko yote duniani, na kisima cha ubatizo cha mwaka 1337." Mwenzangu anakataa "kuba" na "usharika". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako, kwa yote mawili.

Kuba ni paa la mviringo, kama bakuli lililofunikwa. Tumelizoea juu ya misikiti. Lübeck hakuna kitu cha namna hiyo. Simama katikati ya kanisa lile, inua macho: mbavu za tofali zinapanda kutoka nguzo za huku na za kule, zinainama, zinakutana kileleni, mita 38.5 kutoka sakafuni. Kati ya ubavu na ubavu pamezibwa kwa tofali vilevile. Kila ubavu ni tao lililochongoka, basi andika "dari ya matao". Tao tunalo tangu zamani, na fundi yeyote atakuelewa.

Hapohapo kwenye tofali, ongeza "la kuchoma". Msomaji wa leo akisoma "tofali" tupu huenda akaliona la saruji. Pwani ile ya Baltiki ina uhaba wa mawe ya kujengea lakini udongo wa mfinyanzi ni tele, ndiyo maana wakachoma matofali mpaka wakainua minara miwili mirefu.

Sasa usharika. Kwa msomaji wa Tanzania neno hili ni la Walutheri, na waumini wa pale leo ni Walutheri kweli. Lakini mji wa Lübeck ulipokea utaratibu wa Kilutheri mwaka 1531, kuta zikiwa zimekwisha kusimama zamani. Waliozijenga walikuwa Wakatoliki. Unapoeleza ujenzi, sema "kanisa la parokia". Ukifika kwenye ibada za siku hizi, "usharika" ni neno lake halali.

Nina langu la tatu, ambalo mwenzako hakuligusa. "Kisima cha ubatizo" si kosa, makanisani linatumika sana. Ila chombo cha Lübeck, kazi ya fundi Hans Apengeter, ni cha shaba nyeusi na kimebebwa na malaika waliopiga magoti. Kisima hakibebwi. Mimi ningechukua "birika", neno ambalo Biblia inalitumia katika kitabu cha Kutoka kwa chombo cha shaba cha kunawia makuhani.

Sentensi yako basi iwe hivi: "Kanisa hili la parokia, lililojengwa karne ya 13 na 14, lina dari ya matao ya tofali la kuchoma iliyo juu kuliko zote za aina yake duniani, na birika la ubatizo la mwaka 1337."