Kilomita kwa lita za Japani na jua la Mombasa

Madalali wa magari hapa Mombasa wana lugha yao. "Hili halinywi mafuta dada, linanusa tu." Ukiuliza linanusa kiasi gani, unatajiwa namba: kilomita ishirini kwa lita, ishirini na tano, na kama ni haibridi, thelathini. Mara nyingi hawajaitunga. Wameitoa kwenye karatasi za mtengenezaji, ndiyo maana wanaitaja bila kupepesa macho. Nimenunua magari yadi, nimewasindikiza ndugu na majirani kununua yao, na hili ninaloendesha kati ya Mtwapa na mjini halijawahi kuikaribia namba ya karatasi.

Magari mengi yanayoshuka bandari ya Kilindini ni ya mtumba kutoka Japani, yasiyozidi miaka 8 kama sheria zetu zinavyotaka. Namba zake zilipimwa maabara, gari likizungusha matairi juu ya rola kwa ratiba maalumu. Ratiba ya JC08, iliyotumika Japani kabla ya kuipisha ratiba mpya ya WLTC, ilichukua dakika 20 hivi, kilomita 8 na ushei, na kasi yake haikuzidi kilomita 82 kwa saa. AC imezimwa. Sasa niambie nani anaendesha Mombasa mwezi wa pili AC imezimwa, tena akiwa kwenye foleni ya feri Likoni, injini inanguruma na gari halisogei.

Mpaka hapo hakuna aliyedanganya. Udanganyifu ni jambo jingine, nao umeandikwa. Aprili 2016 Mitsubishi ilikiri kwamba ilichezea vipimo vya magari madogo 625,000 yaliyouzwa Japani, mengi yao yakiwa na nembo ya Nissan. Nissan ndiyo iliyogundua kwamba hesabu hazilingani. Ujanja wenyewe ulikuwa mwepisi. Rola za maabara lazima ziambiwe upepo na matairi yanalivuta gari nyuma kwa kiasi gani, na mtengenezaji ndiye anayeipeleka takwimu hiyo. Ukiipunguza, gari linapimwa kana kwamba barabara inalisukuma. Hyundai na Kia nazo mwaka 2012 zilikiri kwamba magari yao kama 900,000 nchini Marekani yalipewa namba kubwa kuliko haki yake. Mamlaka ya mazingira ya huko ilisema zilichagua matokeo yaliyozipendeza badala ya kuchukua wastani wa majaribio yote. Mwaka 2014 zilikubali faini ya dola milioni 100, na wenye magari walirudishiwa tofauti ya mafuta pamoja na nyongeza ya asilimia 15. Aliyenunua gari la aina hiyo hiyo likiwa mtumba huku kwetu, nani atamrudishia?

Mimi namba ya kiwandani naitumia kwa kazi moja tu: kulinganisha gari na gari. Na hata hapo, ziwe zimepimwa kwa ratiba moja. Karatasi za Japani huandika JC08 au WLTC kwa herufi tunazozisoma, kwa hiyo usikubali kutajiwa namba peke yake. Gari lile lile likipimwa kwa WLTC kwa kawaida huonekana linakula zaidi, na mnunuzi asiyejua hulikimbia akachukua linalokula kuliko hilo.

Halafu kuna ile stika ya kioo cha nyuma, yenye "27" na "+20%". Nimewahi kuambiwa yadi kwamba maana yake gari linaokoa mafuta asilimia 20. Hapana. 27 ni mwaka wa kalenda ya Kijapani, yaani 2015, na stika inasema kwamba modeli hiyo ilikipita kwa asilimia 20 kiwango cha matumizi ya mafuta cha serikali yao kilichowekewa mwaka huo. Haikutajii hata kilomita moja.

Ukishalinunua, pima mwenyewe. Jaza tenki mpaka pampu ijikate, wala usimruhusu kijana wa pampu aongeze "ifike elfu kamili". Andika kilomita. Endesha maisha yako ya kawaida, kisha rudi pampu ile ile ujaze vile vile. Tuseme umetembea kilomita 300 na zimeingia lita 25: gari lako ni la kilomita 12 kwa lita, hata dashibodi ikisema 15. Rudia mara kadhaa, maana wiki ya kwenda Mazeras na mlima wake si wiki ya kuzunguka Nyali. Na kama umeweka matairi makubwa kukwepa matuta, jua kwamba mita ya kilomita inahesabu pungufu.

Bajeti ifanye kwa namba hiyo. Kwa kilomita 1,000 za mwezi, gari la 20 kwa lita linataka lita 50, la 12 linataka 83. Lita ikiwa shilingi 180, tofauti inakaribia elfu sita.

Kabla ya kununua, waulize madereva wa teksi wenye modeli hiyo. Usiwaulize kilomita kwa lita, wengi hawahesabu hivyo. Uliza: "Kaka, ukitia elfu mbili unazunguka mpaka wapi?" Jibu lake lina AC, abiria na foleni ya daraja la Nyali ndani yake.

Na dalali akishikilia ishirini na tano yake, mwambie aiandike kwenye mkataba wa mauzo. Tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inayokataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, lakini maneno ya mdomoni ni vigumu kuyathibitisha. Sijaona hata mmoja aliyekubali kuandika. Wengi hapo hapo hushusha namba, na wengine bei.