Geji ya mafuta ikidanganya, anzia kwenye soketi kabla hujashusha tangi

Wadogo zangu mnaoanza umeme wa magari, hili la geji ya mafuta naomba mlisome taratibu maana ndo kazi inayowafanya wengi wenu mshushe tangi bure. Na mimi nilishusha. Mwaka wangu wa kwanza gereji ililetwa Hilux ya dizeli, injini 3L, mwenyewe anasema kajaza tangi lakini mshale uko robo, basi nikapiga jeki nikashusha tangi na mafuta yake yote, nikatafutiwa senda (kile kifaa cha ndani ya tangi kinachopima mafuta) ya mtumba, nikafunga, nikarudisha, jioni nawasha swichi mshale uko pale pale robo. Mkubwa wangu wa kazi akaja na kipande cha waya, akaunga kutoka waya wa ethi wa senda, yaani ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, mpaka sehemu ya chasisi aliyoikwangua kutu, tukasubiri kidogo mshale ukapanda mpaka F, yaani tangi limejaa. Ethi tu! Bolti yake ilikuwa imeliwa na kutu, na sisi watu wa pwani chumvi ya baharini inatumaliza magari kila siku kwahiyo hili mtalikuta sana.

Sasa elewa njia ya umeme wenyewe, ni fupi. Umeme unatoka kwenye geji pale dashibodi, unapita kwenye waya mmoja mpaka kwenye senda ndani ya tangi, afu unaingia ethi, basi. Floti, lile boya la senda, inapanda na kushuka na mafuta, inasogeza kidole kwenye ukanda wa rezista, upinzani unabadilika, mshale unafuata. Toyota nyingi za zamani tangi likijaa utasoma kama omu 3 (omu ndo kipimo cha upinzani) na likiwa tupu kama 110. Lakini usikariri ukadhani ndo dunia nzima, gari nyingi za GM za Marekani ziko kinyume, 0 ikiwa tupu na 90 ikijaa, kwahiyo ukipima bila kujua gari gani iko mbele yako utahukumu senda nzima kuwa mbovu.

Ndo maana nasema anzia kwenye soketi. Kwa Toyota, chomoa soketi ya senda, pale nyaya zake zinapochomekwa, washa swichi bila kuwasha injini, mshale lazima ukae E, yaani tupu. Afu chukua ule waya unaotoka kwenye geji uunge na ethi kupitia balbu ndogo ya wati 3.4, usiunge moja kwa moja maana unaweza kuunguza geji, hiyo balbu imo hata kwenye manyuo, vile vitabu vya ufundi, za Toyota wenyewe. Balbu ikiwaka na mshale ukapanda kuelekea F basi geji na waya viko sawa, tatizo liko upande wa tangi. Usipopanda tatizo liko mbele na tangi halihusiki kabisa. Na usiwe na haraka, geji zile za zamani zina kibati kinachopata joto kikajikunja ndo kikasukuma mshale, mpe hata dakika mbili. Kama umechomoa soketi na mshale bado uko F, kuna waya umebanwa unagusa bodi, muulize mwenye gari kama hivi karibuni alichomelea egzosi au chasisi.

Kumuuliza mwenye gari ni nusu ya kazi kwa kweli. Muulize mshale unacheza ukiwasha taa kubwa? Hiyo ni ethi. Unashuka ghafla ukifika robo afu unarudi? Huo ni ukanda uliolika, na huku kwetu unalika zaidi chini sababu watu tunaweka mafuta kidogo kidogo, kidole kinasugua sehemu ile ile miaka na miaka. Na tatizo lilianza baada ya kubadilisha pampu? Basi mkono wa floti umepindishwa wakati wa kuingiza. Kwenye Land Rover za Series, ukiona geji ya mafuta na ya temperecha zote zimeharibika kwa pamoja usiguse tangi, angalia kile kidude cha kushusha umeme nyuma ya dashibodi, kinatakiwa kutoa kama volti 10.

Ikithibitika ni senda, hapo ndo unafungua, na hapa nawaomba sana. Chomoa hasi ya betri, fungulia hewa, usifanyie juu ya shimo la gereji hata siku moja kwa gari ya petroli, mvuke wake ni mzito kuliko hewa unashuka shimoni unakaa pale unasubiri cheche. Taa ya waya weka mbali. Nakuomba kabisa, hakuna gari ya mteja yenye thamani ya ngozi yako.

Ukishaitoa, ipeleke mbali na tangi, weka mita kwenye omu, inua floti polepole sana toka chini mpaka juu, namba zinatakiwa kutembea bila kuruka. Zikiruka, safisha ukanda kwa spiriti na kitambaa laini, usitie msasa, utaung'oa wote. Floti itikise sikioni, ukisikia maji maji ndani imetoboka, inazama, geji itasoma pungufu siku zote, weka nyingine. Za shaba kuna watu wanazilehemu zikiwa na petroli ndani, usifanye hivyo.

Mwenye gari akikwambia achana nayo nitakadiria kwa kilomita, mweleze hasara yake. Pampu iliyomo ndani ya tangi inapozwa na mafuta hayo hayo, ikizoea kubaki kavu inakufa, na dizeli ikimwishia njiani anavuta upepo, ataanza kupampu kwa mkono usiku barabarani.

Wakati wa kurudisha angalia floti haigusi ukuta wa tangi, weka gasketi mpya, kwangua ethi mpaka ing'ae na upake grisi juu yake. Afu kama tangi lilikuwa tupu mimi huwa namimina lita 5, nasubiri, nyingine 5, nasubiri, namuita mwenye gari aone mshale unavyopanda kwa macho yake ndo namkabidhi ufunguo.