Bajeti ya mfumo haiishii siku ya kukabidhiwa

Wenye vyama vya akiba, maduka ya dawa na shule wanaotaka kutengenezewa mfumo wao wenyewe wa kompyuta huniuliza bei ya kuutengeneza. Mimi nami huwauliza: mwaka wa tatu mtautunza kwa pesa gani?

Tarehe 1 Aprili 2020 Kenya ilishusha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kutoka asilimia 16 hadi 14. Tarehe 1 Januari 2021 ikarudi 16. Mifumo ya mauzo ikabidi iguswe mara mbili ndani ya miezi tisa. Pale kiwango cha kodi kilipowekwa kwenye mipangilio, karani alikibadilisha mwenyewe. Pale kilipoandikwa ndani ya msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu, huku kwenye risiti, kule kwenye ripoti, fundi aliitwa na akalipwa, mara zote mbili. Kisha KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ikaleta eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki, na ankara zikahitaji kuunganishwa upya. Mfumo haukuwa na kasoro yoyote. Sheria ndiyo iliyobadilika.

Mabadiliko hayatoki serikalini tu. Toleo la 7.4 la PHP, lugha ya kuandikia programu za wavuti, liliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022, na aliyebaki nalo amebaki na mlango usio na komeo. Google nayo kila mwaka hupandisha toleo la Android ambalo programu za simu zinapaswa kulenga.

Katika kazi hii tunakadiria matunzo kuwa asilimia 15 hadi 20 ya gharama ya kutengeneza, kila mwaka. Mfumo wa shilingi 800,000 basi utengewe 120,000 hadi 160,000 kwa mwaka. Ada ya seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayohifadhi mfumo, iweke kando, maana mara nyingi hudaiwa kwa dola: mapema 2023 dola ilikuwa kama shilingi 123, Januari 2024 ikakaribia 160.

Hapa nasisitiza sana: kikoa (anwani ya mfumo mtandaoni), akaunti ya seva na msimbo chanzo viandikishwe kwa jina lako, wala si la fundi. Yaandikwe kwenye mkataba kabla ya malipo ya kwanza. Fundi akihama au mkikosana, utaweza kumpa mwingine kazi bila kuanza upya. Na nakala za akiba zijaribiwe kurejeshwa. Kuwa nazo tu hakutoshi.

Ukiona hesabu hii inakushinda, nunua programu iliyo tayari, ya kulipia kila mwezi, hata kama haifanyi kila unachotaka.