Klachi mpya, mguu wa zamani

Siku niliyoichukua Hilux yangu gereji ikiwa na klachi mpya, ilizima mara mbili kabla sijavuka geti. Pedeli ilikuwa nyepesi mno, na gari lilitaka kuondoka wakati mguu wangu bado uko karibu na kapeti. Mimi nilizoea kuinua mguu karibu mpaka mwisho ndipo gari lisogee. Nikazima injini, nikarudi kwa fundi moyo ukinidunda, nikiamini nimefungiwa vifaa feki.

Fundi hakubishana nami. Alikwenda kwenye lundo la vyuma, akaniletea klachi pleti ya zamani, ile sahani inayosuguana, na presha pleti yake, ile inayoibana. Akaniambia nipitishe kidole gumba juu ya pleti. Ribiti, yaani vile vipini vya chuma vinavyoishikilia, zilikuwa karibu usawa mmoja na ile sehemu inayoshika, maana ilikuwa imelika hadi mwisho. Kisha akanigeuzia presha pleti nione zile springi zake zilizopangwa duara kama vidole vinavyoelekea katikati. "Pleti ikiwa nene," akasema, "vidole hivi vinalala kuelekea kwenye injini. Ikilika, vinanyanyuka kufuata beringi inayosukumwa na pedeli, na kazi ya kuvisukuma inazidi kuwa ngumu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Klachi hailiki kwa siku moja. Kila mwezi pedeli inaongeza uzito kidogo na mara nyingi inashika juu zaidi kidogo, na mguu unafuata bila wewe kujua. Nilikuwa nimepandisha saruji kutoka Mombo hadi Lushoto kwa miaka, nikibalansi klachi, yaani kulishikilia gari mlimani kwa klachi nusu, kwenye kona za Soni nyuma ya malori, na mguu wangu ulishajifunza ugonjwa wa ile klachi ukauona ndiyo afya. Kwa hiyo pedeli nyepesi inayoshika chini kuliko ulivyozoea, kwa gari lililobadilishwa klachi, mara nyingi ni dalili njema. Mimi nilihitaji siku kama nne za mjini kuacha kulizimisha.

Lakini usichukue maneno hayo ukafumba macho. Mdogo wangu alibadilisha klachi ya Hiace yake kwenye gereji nyingine, naye akakuta inashika chini kabisa. Nikamwambia kwa kujiamini avumilie, atazoea. Nilikosea, na ninaandika hapa hasa kwa sababu ya kosa hilo. Jioni alinipigia simu kuwa rivasi inakwaruza na gia namba moja inagoma kuingia. Nilipofika nikakanyaga pedeli: ilishuka laini, kama nakanyaga godoro. Nikapampu haraka mara tatu, ikawa ngumu na gia ikaingia. Nikasubiri dakika chache, ikarudi kuwa laini.

Huo ni upepo ulioingia kwenye mfumo wa klachi. Hiace ile inatumia mafuta ya breki kusukuma klachi kutoka masta ya juu, kwenye pedeli, hadi masta ya chini, kwenye giaboksi, na masta ya chini ilikuwa imefunguliwa wakati wa kushusha giaboksi, kisha upepo haukutolewa wote. Tulichomeka mpira mwembamba unaopitisha mwanga kwenye nati ya kutolea upepo, ncha ya pili tukaitumbukiza kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Yeye akikanyaga na kushikilia, mimi nafungua, nikifunga, anaachia. Mapovu yalitoka makubwa, yakawa madogo, yakaisha. Muda wote huo tuliangalia kikopo cha juu cha mafuta hayo kisikauke, kwa sababu kikikauka unaingiza upepo mpya na kazi inaanza upya. Na tafadhali, weka mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kwa magari mengi ni DOT 3 au DOT 4. Oili ya injini au ya stelingi inavimbisha mipira ya masta, utanunua zote mbili.

Kwa hiyo, kabla hujalipa pesa ya mwisho, kaa kwenye gari likiwa linanguruma bila kukanyaga mafuta. Kanyaga klachi hadi chini, hesabu mpaka tano, ingiza rivasi. Iingie bila kukwaruza. Kisha linganisha mkanyago wa kwanza na wa tatu: ikiwa klachi inashika sehemu ileile, hata kama ni chini, tulia. Ikipanda kila unapopampu, usiondoke. Gari linalotumia kebo halina upepo wa kutoa, lakini kebo lazima irekebishwe upya baada ya kufunga pleti nene, iachwe na uhuru kidogo juu ya pedeli. Bila uhuru huo beringi inasuguana muda wote na klachi inaanza kuteleza ikiwa mpya.

Pedeli ikiwa nzito kuliko ya zamani, nina shaka kubwa na hali hiyo. Uliza kama uma wa klachi, ule unaosukuma beringi, ulipakwa grisi, kama kebo ni ileile iliyochakaa, na kama presha pleti ni ya gari lako kweli. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka, uliza kuhusu flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti hulishika, kama ilisawazishwa, na kama hakuna oili inayovuja kwenye sili ya nyuma ya injini.

Kilomita 500 za mwanzo nilikataa mizigo mizito, ingawa wateja walinilalamikia. Sehemu mpya zinahitaji kusuguana na kuzoeana kwanza, na kuondoka na lori dogo lililojaa kwenye mlima kunaziunguza zikiwa bado hazijakaa sawa.

Siku pedeli ilipotulia nilichukua rula, nikapima ni sentimita ngapi kutoka sakafuni gari linapoanza kusogea. Nikaandika kipimo hicho na kilomita za siku hiyo kwenye karatasi, ipo ndani ya kitabu cha gari. Kila nikibadilisha oili ya injini napima tena.