Mgongo umepinda, nimepewa rufaa kwa daktari wa upasuaji: nibebe nini?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nipo Tanga, nina miaka 46. Mgongo wangu umepinda toka nasoma, mwaka 1995 nikiwa kidato cha pili walinipiga eksirei wakasema ni skoliosisi ya nyuzi 34 na nisiwe na wasiwasi, basi na mimi sikuwa nao, nikamaliza shule nikaolewa nikazaa watoto watatu. Sasa kama miaka miwili hivi kiuno kinawaka moto, mguu wa kushoto unakufa ganzi nikisimama ubaoni, yani kipindi cha dakika 40 nakimalizia nimeegemea meza. Hata fundi cherehani wangu kaniuliza juzi mbona siku hizi gauni linaning'inia upande mmoja, akishusha pindo huku, kule linapanda. Hospitali ya mkoa wamenipiga picha wanasema nyuzi 52, wamenipa rufaa MOI, ile Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar nikamuone bingwa wa upasuaji wa mgongo. Mume wangu anasema nikikubali kukatwa mgongo nitarudi kwenye kiti cha magurudumu. Nijiandaeje mama, na je nikifika ndio wananilaza moja kwa moja? (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho maana naona ndio linakunyima usingizi. Hapana, hulazwi siku hiyo. Kumuona daktari wa upasuaji sio kukubali kisu, mimi nimefanya unesi kwenye kliniki za mifupa mpaka nikastaafu na niliowaona wakitoka chumba kile na karatasi ya fiziotherapia au kuambiwa rudi baada ya miezi 6 ni wengi tu. Mgongo wa mtu mzima haupasuliwi kwa sababu eti umepinda. Wanaangalia kama neva zimebanwa, kama maumivu yamegoma baada ya kujaribu njia nyingine kwa miezi, kama kona, yaani huo mpindo wenyewe, inaendelea kukua, na kama mwili umeshindwa kujibalansi, kichwa kimeenda mbele au pembeni ya nyonga. Nyuzi peke yake hazitoshi, kuna mtu ana 60 analima na kuna mwenye 30 hawezi kuosha vyombo.

Sasa hiyo 34 na 52. Hapo ndipo penye mali yako na naomba usiichezee. Daktari anapata namba hizo kwa kutafuta pingili iliyoinama zaidi juu ya kona na iliyoinama zaidi chini yake, anachora mistari anapima pembe, ni njia ya Mmarekani mmoja John Cobb aliyeieleza mwaka 1948 na mpaka leo ndio hiyo hiyo. Mkono ukitofautiana kidogo namba inaruka, nyuzi kama 5 hivi, kwa hiyo mtu akikwambia mwaka jana ulikuwa 50 mwaka huu 52 usilie, inawezekana ni penseli tu. Ila kutoka 34 mpaka 52 sio penseli. Kinachojulikana ni kwamba kona ya zaidi ya nyuzi 50 kwa mtu aliyekwisha kukua huwa na tabia ya kuongezeka polepole, kwa wengi kama nyuzi moja kwa mwaka, na iliyo chini ya 30 mara nyingi inatulia, wewe ulikuwa katikati hapo. Swali atakalokuwa nalo daktari kichwani ni hili: hizi 18 zimekuja kidogo kidogo kwa miaka 30, au nyingi zimekuja juzi? Mgongo uliokwenda pole pole ni habari moja, na uliokaa kimya miaka 25 kisha ukaanguka ghafla ni habari nyingine kabisa.

Kwa hiyo tafuta filamu ya 1995. Angalia nyumbani kwenu, nyuma ya kabati, chini ya godoro la mama, kwenye ile bahasha ya kaki. Kama imepotea tafuta eksirei yoyote ya kifua uliyowahi kupiga, labda ulipoajiriwa au ulipokohoa sana mwaka fulani, watu hawajui kwamba picha ya kifua inaonyesha sehemu kubwa ya uti wa mgongo na daktari anaweza kuisoma kona humo. Tafuta kadi zako za kliniki za ujauzito, mara nyingi walikupima kimo, ukipima leo ukakuta umepungua sentimita 3 hiyo ni taarifa. Hata picha za harusi ulizopigwa kwa nyuma zinafaa, chukua na hilo neno la fundi cherehani mwambie daktari kama lilivyo. Nakumbuka mama mmoja alikuja mikono mitupu, filamu yake ya zamani wanawe waliikata vipande vipande kuangalia jua lilipopatwa mwaka 2016 (na wala hairuhusiwi, inaharibu macho), tukabaki tunakisia.

Na hizo picha za mkoani uliza kama ulipigwa ukiwa umesimama au umelala. Ukilala kona inanyooka kidogo, inadanganya. Picha anayoihitaji daktari wa mgongo ni ndefu, umesimama, kutoka shingoni mpaka kwenye nyonga, ya mbele na ya ubavuni. Kama huna usihangaike kuilipia huko, ataiagiza mwenyewe, na kwa huo mguu wa ganzi huenda akataka na MRI maana eksirei haionyeshi neva.

Haya, chukua karatasi moja, moja tu, usiende na daftari. Daktari ana foleni, usitegemee nusu saa. Usiandike "naumwa sana", kila aliyeko kwenye benchi lile anaumwa sana. Andika dakika. Nasimama dakika 15 mguu unaanza ganzi. Natembea mpaka kwa muuza mkaa halafu natafuta pa kukaa. Nikiinama mbele au nikisukuma toroli napata nafuu, au sipati. Hili la kuinama usilisahau hata kama utasahau mengine yote, kwa sababu kule kuegemea meza kwako kunanifanya nidhani njia zinapopita neva kiunoni zimebana na ukiinama zinafunguka kidogo, ila hiyo ni kazi yake kusema sio yangu. Tenganisha maumivu ya mgongo na ya mguu, kwa mia mangapi ni mgongo mangapi ni mguu, maana upasuaji kwa kawaida unausaidia mguu kwa uhakika zaidi kuliko mgongo, na kama wako ni asilimia 80 mguu mazungumzo yatakuwa tofauti.

Nyuma ya karatasi andika ulivyotibiwa. Fiziotherapia mara ngapi, sio "nilifanya fanya". Dawa beba maboksi yenyewe, pamoja na diklofenaki za duka la dawa ambazo najua unameza bila kumwambia mtu, na mizizi ya babu, na mafuta ya kuchua. Hagombi. Anataka kujua figo na tumbo lako vina hali gani na kama kuna kitu kinachofanya damu isigande. Presha, sukari, pumu na vidonge vya steroidi ulivyowahi kutumia muda mrefu, vyote vinaingia. Ukiwa na sukari jua watataka ile ya wastani wa miezi 3 sio ya kidoleni asubuhi hiyo. Kama unavuta sigara au ugoro au shisha ya kwenye sherehe sema kweli, nikotini inazuia mifupa kuungana na madaktari wengi hawagusi mtu mpaka ameacha kwa wiki kadhaa. Na umri wako huo uliza kuhusu kipimo cha uimara wa mifupa, hasa kama hedhi imeanza kuyumba, skrubu kwenye mfupa laini ni kama msumari kwenye mbao iliyoliwa na mchwa, unaingia vizuri tu kisha unachomoka.

Siku yenyewe vaa nguo inayovuka kirahisi na beba kanga. Atataka kuuona mgongo wote, utainama mbele mikono ikining'inia, utatembea kwa visigino na kwa vidole, una haki ya kuomba nesi wa kike awepo. Ukisimama simama unavyosimama ukichoka, msijinyooshe kama mnapigwa picha ya paspoti, kinamama wengi wanafanya hivyo halafu wanalalamika hawakueleweka.

Sasa maswali ya kumuuliza. Watu wanauliza bei na nitakaa wodini siku ngapi, ulizeni sawa, muulize na kama bima inalipia vyuma vyenyewe au kitanda tu, na kama ndugu watatakiwa kuchangia damu. Lakini swali ambalo hakuna anayeuliza na baadaye wanakuja kulia kwangu ni hili: mtafunga kutoka pingili ipi mpaka ipi? Upasuaji huu mkubwa wa kunyoosha ni kuweka skrubu na fito za chuma halafu pingili zinaunganishwa zinakuwa mfupa mmoja, na sehemu iliyofungwa haipindi tena maisha. Wakifunga pingili za juu ya mgongo hutaona tofauti kubwa. Wakishuka mpaka kwenye nyonga mwanangu, fikiria choo chetu cha kuchuchumaa. Nyonga na magoti vinakunja sawa, ila ule mkunjo wa kiuno wa kufikisha mkono nyuma ujisafishe haupo. Kusujudu hivyo hivyo, wapo wanaohamia kuswali kwenye kiti. Kufua kwenye beseni chini, kufagia uani kwa ufagio wa chelewa, kufunga kamba za viatu. Sio kwamba maisha ndio yamekwisha, watu wanaweka choo cha kukaa na bomba la maji la mkono, wananunua ufagio wa mpini mrefu, lakini ni bora ujue kabla. Na muulize pia, kuna upasuaji mdogo wa kufungua neva tu bila kunyoosha? Kwangu utafaa au utafanya kona izidi? Nisipofanya chochote miaka 5 ijayo nitakuwaje? Wewe mwenyewe kwa mwaka unafanya za watu wazima ngapi? Daktari mzuri hili la mwisho halimuudhi.

Baba watoto na kiti chake cha magurudumu. Hajatunga, kupooza kunaweza kutokea na daktari atakutajia, ila sio ndio kinachotokea mara nyingi. Kwa watu wazima yanayosumbua zaidi ni kidonda kupata maambukizi, chuma kukatika au skrubu kulegea, mifupa kugoma kuungana, na kulazimika kurudi tena chumba cha upasuaji, na hayo sio machache. Uliza kama wana mashine ya kufuatilia neva wakati umelala nusu kaputi. Halafu mwende naye huyo mume. Namwona anayeogopa ndiye anayefaa kwenda, amuulize daktari mwenyewe hofu yake badala ya kuibeba nyumbani, ila mwambie kabisa kazi yake ni kuandika, asikujibie. Wanaume wana hiyo, daktari anauliza unaumwa wapi mama, baba anajibu.

Safari ya basi kutoka Tanga ni masaa mengi ya kukaa, fika Dar siku moja kabla ulale. Na tarehe ya miadi isiwe msahafu: ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo ukagoma kutoka, au ukapata ganzi sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, au mguu ukaanza kukosa nguvu, usingoje MOI, nenda hospitali ya mkoa usiku huo huo.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi nipo Muscat, mama yangu ana miaka 71 yupo Unguja, zamani mgongo ulikuwa sawa sasa umekwenda upande. Nataka nimpeleke India kwa upasuaji, nimemtumia wakala wa huko picha ya eksirei nilorushiwa kwa WhatsApp hajanijibu. (Mtoto wa mwisho)

JIBU: Wa alaykum salaam baba. Hajakujibu kwa sababu hakuna anachoona, filamu iliyoshikwa dirishani ikapigwa kwa simu inaonyesha mikono ya aliyeishika tu. Mwambie aliye na mama aombe hospitali picha kwenye CD, mafaili yenyewe ya mashine, hizo unaweza kuzituma popote. Mgongo unaopinda ukubwani mara nyingi ni diski na viungo vya kiuno vimechakaa upande mmoja zaidi. Lakini kabla ya tiketi niulizie mambo mawili: umekwenda upande, au umetoa kigongo katikati? Na mama anapungua uzito, anatokwa jasho usiku? Kama ni kigongo na hayo yapo aanze kupimwa kifua kikuu cha mgongo hapo hapo Unguja, hicho kinatibiwa kwa vidonge vya miezi mingi na dawa zake zinatolewa bure. Na mama mwenyewe umemuuliza kama anataka kukatwa?

SWALI: Kuna mkanda wa kunyoosha mgongo unauzwa elfu 85, nina miaka 38 kona nyuzi 40, ninunue?

JIBU: Haunyooshi. Mikanda migumu inayopimwa na wataalamu ni ya watoto ambao bado wanakua, na hata kwao inazuia kona isiongezeke tu. Kwako utakupa nafuu siku ya kazi nzito, ukiuvaa kutwa kila siku misuli inalala. Mazoezi ya fiziotherapia kwanza, na kama uliyemkuta anauza amekuahidi miezi 3 umenyooka muombe eksirei ya mteja wake mmoja, ya kabla na ya baada, zote amesimama.