UPS ya onlaini au oflaini? Anza na umeme wako

Wanaotaka kununua UPS, ile mashine ya betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika, huniuliza itakaa muda gani umeme ukikatika. Mimi huwarudishia swali: umeme wenyewe ukiwepo ukoje? Unapanda na kushuka, unatoka kwenye jenereta, au umetulia na shida yake ni kukatika tu? Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mashine hizi, na sijaona njia nyingine nzuri ya kuchagua.

Kwenye oflaini, umeme hupita moja kwa moja hadi kwenye kompyuta ukiwa umechujwa kidogo tu. Betri inachajiwa pembeni, na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, imelala. Umeme ukikatika, rilei, yaani swichi inayojigeuza yenyewe, inaruka (ule mlio wa "tak!") na inveta inaubeba mzigo, yaani vifaa ulivyochomeka. Kuhama huko huchukua kama milisekunde 4 hadi 10. Wimbi moja la umeme wa hezi 50 ni milisekunde 20, na kapasita (vihifadhi umeme vidogo) za pawasaplai ya kompyuta iliyo nzima huweza kuziba pengo hilo. Zikichoka, kompyuta huzima na lawama inaangukia UPS isiyo na kosa.

Udhaifu wake ni umeme wa kupandapanda. Kila volti zikienda mbali, inakimbilia betri, na betri inachakaa upesi. Kuna aina ya katikati yenye transfoma ya kurekebisha volti bila kugusa betri. Kwa kompyuta chache za kawaida, mimi hushauri hiyo.

Onlaini ni habari nyingine. Rektifaya hugeuza AC (umeme wa ukutani) kuwa DC (umeme kama wa betri), kisha inveta huirudisha kuwa AC safi, saa zote, umeme uwepo usiwepo. Betri imeungwa kwenye njia ile ya DC, kwa hiyo umeme ukikatika hakuna kinachohama. Hata jenereta inayoyumba hezi, seva haijui. Gharama yake ni joto, feni zisizonyamaza na umeme unaopotea katika kugeuzwa mara mbili. Ina pia baipasi: inveta ikiharibika au mzigo ukizidi, swichi ya kielektroniki huurudisha mzigo kwenye umeme wa kawaida. Taa ya baipasi ikiwaka usiizoee; kwa wakati huo huna UPS, una ekstensheni ya bei mbaya.

Usidanganywe na VA (volti mara ampea) iliyoandikwa kwenye boksi. UPS ya VA 1000 yenye pawafakta 0.6 (sehemu ya VA inayokuwa wati) hubeba wati 600, basi. Printa ya leza usiichomeke kabisa kwenye UPS ndogo, maana hita yake huvuta umeme mwingi kwa mpigo.

Na sasa muda. Betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 7, ina wati-saa 84 kwenye karatasi. Ukiipa mzigo wa wati 300, hesabu inasema karibu dakika 17, lakini betri ya risasi na asidi kama hii ikinyonywa kwa kasi hutoa pungufu sana ya hapo. Joto nalo huiua: juu ya nyuzi 25, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa takriban nusu. Iache ipumue. Kuipima, chomoa plagi ukutani huku umeiwekea balbu kadhaa, siyo kompyuta yenye kazi. Na kama ina betri kadhaa zilizoungwa mfululizo, badilisha zote kwa pamoja, kwa sababu moja iliyochoka huzimisha mlolongo mzima.